Usiishie Irente: namna ya kupanda Usambara na kuijua milima ya Wasambaa

Watu wengi ninaowajua wameshafika Lushoto, na ukiwaomba picha wote wanakutolea ileile, mtu kasimama kwenye mwamba wa Irente, mikono kaitanua, nyuma yake bonde na ukungu. Kaenda Jumamosi, kalala, Jumapili mchana yuko kwenye basi anarudi Dar. Ukimuuliza kuna nini huko anakwambia kuna baridi. Basi, imeisha hiyo.

Na mimi mara ya kwanza nilienda hivyohivyo, tena mimi sina hata kisingizio maana bibi yangu mzaa mama alikuwa Msambaa wa Mlalo, ila nimekulia Tanga mjini na Kishambaa changu ni cha kuombea maji tu. Mara ya pili nikapanda kwa siku tano, nusu yake kwa miguu, mpaka Mtae kule ukingoni, na hapo ndo nikajua kwamba Irente ni kama sebule tu, nyumba yenyewe iko ndani. Kwa hiyo huu mwongozo ni wa yule mwenye siku nne au tano, miguu mizima, na bajeti ya kawaida.

Hatua ya 1: jua unaenda Usambara ipi

Milima hii iko miwili. Kuna Usambara Mashariki, hiyo ni Amani, unaipandia Muheza, chini kidogo, joto kidogo, misitu minene ya mvua na ile bustani ya mimea ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Halafu kuna Usambara Magharibi, hiyo ndo Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo, Mtae, unaipandia Mombo. Nimeshaona mtu kashuka Muheza anaulizia gari la Lushoto, akageuza kurudi Segera, Korogwe, mpaka Mombo, siku imeisha barabarani. Mimi hapa naongelea ya Magharibi, kwa sababu ndiko moyo wa Wasambaa ulipo na ndiko unaweza kutembea kijiji hadi kijiji bila kushika lami.

Hatua ya 2: chagua mwezi

Masika, yaani kuanzia Machi mpaka Mei, usiende. Sikutanii. Barabara za udongo zinageuka sabuni, magari yanakwama, na hata ile ya lami ya kutoka Mombo kuna wakati mlima unamwaga mawe na udongo barabarani. Juni mpaka Agosti ni pakavu lakini baridi yake ni ya kweli, usiku unalala na blanketi mbili na asubuhi ukungu umeshuka mpaka mlangoni, yaani unaweza kukaa Irente saa nzima unaangalia weupe kama wa maziwa tu. Mimi napenda Septemba na Oktoba kabla vuli haijakolea, au Januari na Februari. Ukienda mwisho wa mwaka unalowa kidogo ila unakula plamu, pichi na peasi mpaka tumbo linalalamika, barabarani watoto wanauza kwenye vindoo vidogo na ukinunua kimoja unaongezewa cha juu.

Hatua ya 3: begi

Sweta zito, koti la mvua, raba au buti yenye meno, tochi, powabenki, dawa zako, na nguo za heshima. Hilo la nguo nalikazia. Wasambaa wengi ni Waislamu, Wakristo nao wapo wengi, Walutheri hasa, na wote kwa wote ni watu wa kujistahi, kwa hiyo dada zangu beba khanga au vitenge viwili na suruali pana, kaka zangu kaptura acheni gestini. Hakuna atakayekufukuza ukivaa vingine, ila utaona wazee wanakuitikia salamu huku wanaangalia pembeni, na safari ya vijijini bila wazee kukupokea haina ladha.

Pesa: beba noti ndogondogo. Lushoto mjini benki na mawakala wa simu wapo, ila ukiingia ndani wakala anaweza kuwa yupo na hela hana, anakwambia subiri gulio mpaka Jumatano. Toa za kutosha mjini kabisa.

Hatua ya 4: kufika Mombo na kupanda

Kutoka Dar mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yanaondoka asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi, ni safari ya mchana mzima, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu unapanda. Ukikosa la moja kwa moja panda lolote la Moshi au Arusha, mwambie konda akushushe Mombo, na mwambie mara mbili, maana wakishapita hawarudi. Kutoka Tanga ni karibu zaidi. Ndugu zetu wa Mombasa, vukeni Lunga Lunga na Horohoro mje Tanga, mlale, mle samaki, kesho yake mpande, msijaribu kufanya yote siku moja.

Mombo ni joto. Iko mita 400 na kitu tu juu ya bahari, Lushoto iko kama 1,400, na katikati ni kilomita 33 hivi za kona. Kosta na haisi zinajaa pale njiapanda, na ushauri wangu ni huu: usikae siti ya nyuma, usile chipsi mayai kabla ya kupanda, na beba limao na mfuko wa rambo. Mimi nilikula. Kona ya tano hivi nikaanza kuona nyota, mama mmoja jirani yangu hata hakuniuliza kitu, akanimenyea ndimu akaniwekea mkononi, akafungua dirisha, akaendelea na stori zake na mwenzake kama vile hiyo ni kazi yake ya kila siku. Nadhani ni kazi yake ya kila siku.

Ukishatulia, angalia nje. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo na mto chini, na nyumba zimebandikwa kwenye miteremko mpaka unajiuliza mtoto akidondosha mpira anaufuata wapi. Hapa kuna kitu kizuri cha kujua. Wasambaa wa zamani waligawa dunia yao mara mbili, Shambalai, yaani huku juu kwenye ubaridi na migomba, na nyika, yaani kule chini kwenye joto ulikotoka. Nyika ilikuwa ya homa, ukame na wanyama wakali, mtu alishuka kwa shida zake akapanda tena. Ukipanda ile barabara unausikia huo mgawanyo mpaka kwenye ngozi, kuna kona moja kabla ya Soni hewa inabadilika ghafla, madirisha yanaanza kufungwa moja moja, na mtu aliyekuwa anajipepea na gazeti anatoa sweta kwenye begi.

Hatua ya 5: shuka Soni kwanza, usikimbilie Lushoto

Hii ndo siri ambayo wengi wanaipita dirishani. Soni ni kamji kadogo, kana maporomoko yake ya maji unayaona barabarani kabisa, na gulio lake ni Jumanne na Ijumaa. Lakini sababu yangu ya kukushusha ni Vuga.

Vuga ndo ilikuwa makao ya wafalme wa Kilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, na ukienda Usambara bila kusikia habari za Mbegha ni kama umeenda harusini ukakaa parking. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe kutoka milima ya Nguu, na alikuwa kigego, yaani meno ya juu yalimtangulia kuota, mkosi mkubwa enzi hizo, ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa zake na wenzake wachache akapanda milimani. Huku juu nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba ya watu. Yeye anaua nguruwe, anagawa nyama, hauzi, anagawa, wao wanampa chakula cha shambani. Baadaye usiku mmoja simba akaja kuvamia, Mbegha akamuua, na asubuhi watu wakamkuta na simba wake amelala, wakamfanya mfalme. Ndo maana wafalme wa Kilindi waliitwa Simba Mwene. Kwa hiyo mtoto wa mkosi kule ndo akaja kuwa simba huku, na wazee wakikusimulia hapo kwenye kigego wanasimama kidogo, wanakuangalia kama umeelewa.

Huo ufalme ulikuja kukua mpaka chini kuelekea pwani chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, halafu wanawe na wajukuu wakagombana, Wajerumani wakaingia, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa aliyekuwa anatawala Vuga. Sasa ukienda Vuga usitegemee kuona kasri, hamna. Kuna kijiji, kuna misheni ya zamani ya Kilutheri, kuna miti mikubwa, na kuna watu wanaojua. Utaratibu: unaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji au unaenda na mwenyeji anayekutambulisha, unasema umekuja kusikia habari za wazee, na unakaa. Usiende makaburini wala kwenye miti mikubwa kupiga picha kabla hujaambiwa piga. Mzee aliyetupokea sisi alianza kwa kutuuliza sisi ni watoto wa nani, na nilipotaja ukoo wa bibi akaniuliza maswali kama manne hivi kabla hajaanza kusimulia chochote. Alitufundisha maneno mawili ambayo sijayasahau, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi, maana mfalme kazi yake ilikuwa mvua na amani, nchi ikikauka au ndugu wakipigana basi shi imebanwa na yeye ndo anaulizwa. Ukiondoka acha kitu, sukari, majani ya chai, au elfu kadhaa mkononi kwa heshima, mpe kwa mkono wa kulia, usimwambie "malipo".

Kama ni mtu wa mvinyo, pale karibu na Soni kuna watawa wa Sakharani wanatengeneza wa kwao. Mimi si mnywaji lakini niliokuwa nao walirudi wanacheka.

Hatua ya 6: Lushoto mjini, siku moja na nusu inatosha

Wajerumani waliuita Wilhelmstal, walipapenda kwa sababu ya hali ya hewa na mpaka leo kuna majengo yao na mistari ya miti waliyopanda. Gesti ziko za kila aina, za bei ya chini karibu na stendi, na loji zenye bustani pembeni ya mji. Ukiingia gesti uliza mambo mawili tu: maji ya moto yapo, na blanketi ziko ngapi. Mengine utazoea.

Jipange uwepo siku ya gulio, Alhamisi au Jumapili, na Jumapili ndo penyewe. Wamama wanashuka na matenga kichwani kutoka vijiji ambavyo huvioni hata ukiangalia, karoti zimeoshwa zinang'aa, kabichi, njegere, maparachichi, maharage ya kila rangi, nguo za mtumba, viatu vya matairi, dawa za miti shamba kwenye vichupa. Kula makande pale pembeni, ya mahindi na maharage yaliyopikwa yakalainika, na parachichi juu yake. Kama unapenda kupiga picha omba kwanza, na ukiomba kwa salamu ya Kishambaa umeshamaliza nusu ya kazi. Asubuhi unasema "onga maundo", mchana "onga mshi", na asante ni "hongea". Mwanaume wa rika lako unaweza kumwita "mgoshi" na atacheka, lakini mzee ni shikamoo palepale, usilete ujanja. Salamu huku si ya kurusha kama Kariakoo. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ulikotoka, na ukikata katikati kuuliza bei ya ndizi unaonekana umelelewa na televisheni.

Muongozaji unamtafuta hapa. Ofisi za utalii wa kitamaduni ziko karibu na stendi, wana vijana waliosomea na wenye vitambulisho. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ile mara ya kwanza nilimchukua kijana aliyenifuata tu stendi, mcheshi balaa, tukakubaliana bei ya siku nzima, kufika katikati ya msitu akasema ile ilikuwa bei ya kwenda, ya kurudi bado. Nilicheka nikidhani utani. Haukuwa utani. Kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi, hata kwenye meseji ya simu: siku ngapi, nani analipia chakula chake na malazi yake, kiingilio cha msitu kimo au hakimo, nauli ya kurudia ni ya nani.

Irente yenyewe usiende na bodaboda. Ni kama kilomita 6, tembea. Njia inapita kwenye mashamba na nyumba za watu na shule, na kabla hujafika kuna shamba la kanisa la Kilutheri wanatengeneza jibini, mkate mweusi na jamu, agiza wakufungie ule huko mbele. Ukifika mwambani, baada ya picha yako ile ya mikono, kaa chini uangalie. Ukuta unashuka karibu mita 1,000. Kile kijiji kule chini ni Mazinde, na mistari iliyonyooka ni mashamba ya mkonge. Pale Mazinde ndipo alipokaa Semboja, mtoto wa Kimweri, aliyeshika njia ya misafara, bunduki zinapanda, pembe na watumwa wanashuka kwenda pwani, na ndiye aliyekuwa anawatia tumbo joto ndugu zake wa Vuga huku juu. Yaani ule ugomvi wote wa Shambalai na nyika unauona kwa jicho moja ukiwa umekaa na mkate wako. Nenda saa kumi jioni hivi, jua likiwa limeanza kushuka. Asubuhi mara nyingi ni ukungu.

Hatua ya 7: msitu wa Magamba

Hii ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, unaingia kwa kulipia, na malipo ni ya kontrol namba, sio cash mkononi, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, beba kitambulisho. Ndani ni miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, mbega weusi wenye mikia myeupe wanaruka juu, na kimya ambacho mtu wa Dar kinamtisha dakika kumi za kwanza.

Kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya ambalo Ulaya wanaliweka dirishani kwenye vyungu, asili yake ni milima ya huku kwetu, mbegu zilitumwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, na Wazungu wakaliita hilo ua kwa jina lake. Sisi tulikuwa nalo miaka yote tunalipita.

Omba pia matembezi ya usiku kutafuta kinyonga. Najua, najua, nyumbani tumefundishwa kinyonga ni mkosi na nilikuwa naenda nyuma kabisa ya mstari. Mchana humuoni hata akiwa mbele ya pua. Usiku ukimmulika tochi anakuwa mweupe kama karatasi, kalala mwisho kabisa wa kijitawi, mkia kaukunja kama ile jalebi ya Kihindi. Yule wetu alikuwa na pembe mbili puani. Muongozaji akasema usimguse, mikono yako ina mafuta na dawa za mbu, na usimmulike muda mrefu. Akafungua jicho moja tu, likazunguka likanitazama, lingine likabaki limelala. Sijawahi kudharauliwa hivyo na mnyama.

Hatua ya 8: kwa miguu mpaka Mtae

Hapa ndo safari ilipo. Kwa gari ni kilomita sitini na kitu za udongo kwa sehemu kubwa, basi linaondoka Lushoto mchana mchana na kufika jioni. Kwa miguu ni siku tatu za starehe au mbili za kukazana, na ukichoka unaweza kudandia gari katikati, hakuna atakayekucheka.

Siku ya kwanza unapita msitu wa Magamba unatokea upande wa pili, Malindi (ndiyo, kuna Malindi huku pia, haina bahari) na Lukozi. Lukozi simama. Hapa ndo mboga za Kariakoo zinapoanzia. Mabonde yote yamekatwa vitalu vidogo vidogo kama mkeka, kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, na vijana wanamwagilia kwa mifereji ya udongo wanayoifungua na kuifunga kwa jembe. Jioni malori yanajipanga na unaona magunia ya lumbesa, gunia limejazwa mpaka mdomoni halafu limeshonewa kilemba cha wavu juu, mtu mmoja anaingia chini yake, wawili wanamsaidia kunyanyua, anapanda ubao anakimbia, kwa sababu akisimama ataanguka. Nilimuuliza mkulima mmoja kwa nini wanakubali lumbesa wakati bei ni ya gunia moja, akanijibu "mgoshi, kabichi haisubiri kesi". Sasa hivi nikinunua kabichi mtaani kwetu siombi punguzo.

Ukiendelea utaona kwenye miteremko kuna mashamba yenye matuta na mengine hayana. Waingereza mwaka 1946 walianza mradi Mlalo wa kulazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, ukasambazwa milima yote, na kazi kubwa iliwaangukia wanawake wenye jembe la mkono. Faini, vitisho, machifu wanasukumwa kusimamia. Watu wakagoma, kelele zikawa kubwa mpaka mwaka 1957 wakaachana nao. Bibi yangu alikuwa akiona mtaalamu wa kilimo amekuja na kamba ya kupimia anaingia ndani anafunga mlango. Wazo la matuta halikuwa baya, ndo maana leo wengi wanayachimba wenyewe, ila mtu hulazimishwi kwenye shamba lako kwa kiboko.

Kama una siku ya ziada kata kwenda Mlalo, bonde zuri kuliko yote kwa macho yangu (sawa, nina upendeleo), nyumba za udongo za ghorofa zenye baraza za mbao zilizochongwa, na misheni iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1891. Kama huna, lala Rangwi kwa masista. Ni watawa wa Kikatoliki, vyumba safi, maji ya moto ya kuni, chakula cha shambani kwao. Muongozaji apige simu kabla, msifike saa mbili usiku mnagonga geti la masista.

Siku ya pili mnatembea mgongoni mwa milima, njia za miguu, na hapa kanuni ni tatu ninazozijua mimi. Unayekutana naye unamsalimia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndo mgeni. Mwenye mzigo ana haki ya njia, wewe unasogea upande wa juu wa mlima sio upande wa korongo, mama mwenye tenga la kilo arobaini hawezi kukukwepa. Na ukiuliza "ni mbali?" ukaambiwa "hapo tu", panga saa mbili. Ukikaribishwa ndani kaa, hata dakika tano, kunywa hicho kikombe. Pipi usigawe kwa watoto njiani, wageni waliotangulia wameshawazoesha na sasa wanaacha kuchunga mbuzi wanakimbilia barabarani. Ukitaka kutoa, peleka madaftari kwa mwalimu mkuu.

Siku ya Jumatano kuna gulio Sunga, ukiweza kulipangia ratiba lipangie. Baada ya hapo kuna kijiji kinaitwa Mambo, na utani wote unaoufikiria wa "mambo" na "poa" wameshausikia, wataucheka tu kwa adabu.

Hatua ya 9: Mtae

Mtae iko juu ya mgongo mwembamba wa mlima, yaani kuna sehemu barabara ndo kijiji chenyewe na nyumba za pande zote mbili zina bonde chumbani. Upande mmoja ni mashamba na moshi wa majiko. Upande mwingine nchi inakatika, inadondoka mpaka kwenye tambarare za Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Upare, mbele huko ni vilima vya Taita, Kenya, na kukiwa kweupe alfajiri Kilimanjaro inatoka pembeni kama mtu anayechungulia. Sisi ilitoka dakika kama saba hivi. Irente hapa haisogei.

Gesti za Mtae ni za kawaida sana, chumba, ndoo, taa, na upepo ambao usiku unagonga bati mpaka unadhani kuna mtu. Agiza chakula mapema, ukifika saa moja jioni ukasema njaa watakuulizia kwanza kama kuku yupo. Mpe mama wa hapo muda, nenda ukingoni kakae.

Cha mwisho ni kurudi. Basi linaondoka usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa kumi hivi, halingoji kuche, kwa hiyo kata tiketi jioni kwa konda mwenyewe, mwambie umelala gesti gani na chumba kipi, maana analala palepale kijijini na kabla ya kuwasha gari anapita kugonga. Sisi aligonga dirisha kwa funguo, akasema tu "Dar, twende", na tulipotoka tukakuta siti zetu mbili zimekaliwa na tenga la parachichi, mwenye nalo akalishusha, akatuomba radhi, halafu akaliweka miguuni petu mpaka Mombo.